Mmea wa Maganga

Jumatatu, 3 Agosti 1936

Nimechonga penseli zote na mbili zimevunjika. Penseli za siku hizi ni makapi matupu. Mchoro wa mshubiri nimeumaliza mchana, maua na yote. Bwana Majani ameutazama kwa kioo chake cha kukuzia, akasema miiba ya upande wa kushoto imezidi. Nimetazama tena. Kweli imezidi. Nimeikwangua kwa wembe huku nimebana pumzi.

Ofisi ya ramani imeniazimisha kwa huyu mgeni wa mimea hadi amalize kazi yake Tabora. Jina lake refu, sisi tunamwita Bwana Majani. Sikitiko langu ni kwamba atamaliza. Ramani nimezikinai. Mpaka, mto, reli, mpaka. Mmea angalau una uso na kisogo. Sitamwambia mtu, lakini siku hizi naamka na hamu ya kwenda kazini, na jambo hilo halijanipata tangu niajiriwe.

Kesho tunakwenda Nzega na lori lake. Yohana karani ndiye mkalimani, ila ana jipu pale pa kukalia na lori haliwezi. Nitatafsiri mimi. Kinyamwezi changu ni cha mjini, lakini kitafika.

Leo nimeropoka. Bwana aliuliza kama nimewahi kuona mmea mnene kama dole gumba, hauna majani wakati wa kiangazi, na maua yake yanainama. Nikasema upo Lusu, huko huko Nzega, kwa wakwe zangu, penye njia. Alifurahi mno. Akanipa sigara. Mdomo wangu huu.

Jumatano, 5 Agosti. Lusu.

Naandika nimeegemea gurudumu la lori. Bwana anakunywa chai. Moyo wangu haujatulia.

Asubuhi tulikwenda kwa wakwe. Mama mkwe alikuwa peke yake, anapeta mtama. Aliponiona akajitupia kanga usoni na kugeukia ukuta. Mimi nikageukia lori. Ndivyo ilivyo. Tangu nimwoe Kabula sijauona uso wa mama yake, wala yeye wangu. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia majanini. Salamu zinapita kwa mtu wa tatu. Sijawahi kuona ubaya wake. Wanaozoeana na wakwe zao huko mjini ndio hao wanaogombana kila Idi.

Mmea upo pale pale ninapoukumbuka, njia inapotokea nyumbani. Umekua. Mashina yamejaa vinundu, yamelala kidogo kisha yameinua vichwa, na juu kuna maua madogo ya kikombe, meupe yaliyotiwa wekundu, yote yanatazama chini. Bwana alipiga magoti. Akavua kofia.

Kisha akaniambia nimwulize mama mwenye nyumba kama anaweza kuuchukua. Nikauliza, nimelielekea lori. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Angejibuje? Mimi ni mkwe wake. Baba mkwe alishafariki, shemeji yangu yuko shambani mbali, na jirani hakuwepo. Pale hapakuwa na mtu wa tatu. Bwana akauliza anasema nini.

Nikasema, "Amenyamaza, Bwana."

"Vizuri," akasema kwa Kiswahili chake. "Hapana kataa." Akamwita dereva na sepetu.

Ningeweza kumwambia kwamba kimya kile hakikuwa ruhusa. Ningeweza kusema tungoje, tumtafute jirani. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Niliona haya kumweleza Mzungu habari za ukwe, nikaogopa atacheka. Hilo tu.

Waliung'oa wote na mizizi yake minene, wakautia ndani ya debe na udongo. Bwana aliacha mfuko wa chumvi juu ya kinu. Aliinama kwa heshima kabisa. Mama mkwe hakugeuka. Mabega yake niliyaona yakipanda na kushuka, nikajidanganya kwamba anapeta.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimerudi jana. Kabula nimemwambia leo baada ya kula. Nilidhani atapiga kelele. Ameweka sahani chini na kukaa.

Nilijua kwao wanauita "wa Maganga". Maganga ni kaka yake mkubwa. Alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya Mjerumani na hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Nilidhani mmea ni ukumbusho wake tu, kama watu wanavyotunza fimbo ya marehemu. Sikuuliza zaidi. Mtu wa mjini, mwana wa fundi wa milango, nitauliza nini kuhusu vichaka vya Lusu?

Sasa nimeelezwa. Kwao, tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, mtu akiondoka na mzigo hupanda kipande cha mmea ule kwa mkono wake mwenyewe, penye njia inapotokea nyumbani. Mmea ukiwa mzima, na yeye ni mzima huko aliko. Ukinyauka, wanaketi matanga. Babu yao alikwenda na pembe hadi Bagamoyo, wake zake wakaangalia mmea wake asubuhi na jioni mpaka akarudi. Maganga aliupanda wake asubuhi ile waliyomfuata.

Mama yake hajawahi kuketi matanga ya Maganga. Watu wamemsihi, padri amemwombea, wengine wamemwona punguani. Yeye anajibu kwamba mmea haujanyauka.

Kabula akaniuliza, "Mlipata wapi ruhusa?"

Nikainuka nikatoa sahani nje. Najiona mpumbavu wa mwisho.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeanza kuchora. Debe liko juu ya meza, karibu na dirisha.

Najichukia kwa kuandika hivi, lakini sijapata kuchora kitu kizuri namna hii. Kila kinundu kina kovu dogo pale jani lilipoanguka. Kovu linafanana na jicho lililofumba. Rangi ya shina si kijani wala si kahawia, nimechanganya mara kadhaa na bado. Saa za chakula zimepita sikujua.

Halafu nikauliza, kama vile sijali, mmea utakwenda wapi nikimaliza. Bwana akaeleza kwa furaha. Kwanza mchoro mzima. Kisha utakatwa, nichore umbo la ndani ungali mbichi. Kisha vipande vyote vitaingia kwenye chupa ya spiriti, treni hadi Dar es Salaam, na meli. Wenzake Ulaya hawajauona mmea huu. Mmea uliochorwa lazima ndio huo huo uhifadhiwe, ili anayebisha aende akautazame.

Kwa hiyo unaishi mpaka nitakapomaliza. Ni mimi hapo katikati na penseli yangu.

Jumatano, 12 Agosti

Jana nilimwaga chai juu ya karatasi. Leo nimesema rangi ya kijani imekauka. Bwana amenipa nyingine mpya, na karatasi mpya, na pole. Ana subira ya kuudhi. Angekuwa mkali ningejua pa kuanzia.

Yohana amerudi, anatembea kama bata. Nimemweleza yote. Amecheka kwanza, ndiyo tabia yake. Amesema, "Lile jipu lingesubiri siku mbili tu, ndugu yangu, yasingekuwa haya." Na ni kweli. Yeye ni Mnyamwezi na Mmoravian wa kutoka huko huko, si mkwe wa mtu pale. Angeuliza, mama angesema hapana, Bwana angepanda lori. Yote haya ni kwa sababu ya jipu na haya zangu.

Ijumaa, 14 Agosti

Amekuja.

Sikuamini. Nilikuwa nachanganya rangi nikasikia Yohana kwenye baraza, "Shikamoo mama," na sauti ya chini ikaitika, "Marahaba." Nikachungulia. Nikaona mgongo, kanga ya zamani, miguu yenye vumbi. Amepanda lori la karanga kutoka Nzega, yeye ambaye hajawahi kupanda hata baiskeli. Amefikia kwa mpwa wake, mtaa wa Cheyo, maana kwangu hawezi kulala.

Ameketi kwenye baraza ya ofisi, karibu na mlango. Mlango ni huo mmoja. Sikuweza kutoka. Adhuhuri ikafika, nikatoka kwa dirisha la nyuma kama mwizi wa kuku, suruali ikachanika. Msikitini nilisali na tundu nyuma.

Hajaomba kitu. Yohana alimwuliza amekuja kufanya nini, akasema amekuja kukaa karibu. Akatoa neno moja tu la kuletwa kwetu ndani: tusiuloweshe sana, umezoea kiu.

Bwana alitoka akamletea kiti. Akakataa. Ameketi chini.

Jumatatu, 17 Agosti

Leo nimesema. Nimemweleza Bwana Majani yote, kwa Kiingereza changu kidogo na Kiswahili chake kidogo, na Yohana akiziba mashimo. Ukwe, kimya, Maganga, safari, mkono wa kupanda. Nilitoka jasho. Hakucheka hata kidogo. Kumbe miye ndiye niliyemfikiria hivyo.

Akasema amesikitika sana, na nilimwona kweli amesikitika. Lakini hii mizizi alikwisha kuiosha na kuipunguza. Na barua imetangulia Ulaya kwamba mmea umepatikana. Akapata wazo. Kwa mkono wake akakata tawi moja zuri, akalifunga kwa gunia bichi, akasema mama apande hili, mimea ya aina hii inashika upesi, baada ya mwaka hataona tofauti. Uso wake ulifunguka. Na wangu. Nilisema moyoni, tumepona.

Kabula, aliyekuja kumwona mama yake, akampelekea tawi pale barazani. Mimi nikatega sikio nyuma ya mlango.

Mama akasema, "Hili ni tawi zuri. Nani amelipanda?" Kabula akasema bado. Mama akasema, "Basi litakuwa la atakayelipanda. Maganga aliupanda ule."

Bwana akauliza amekataa kwa nini. Yohana akamweleza: anataka ule ule, si mwingine unaofanana nao. Bwana akatikisa kichwa, akasema pole pole kwamba na yeye pia lazima ahifadhi ule ule uliochorwa, si mwingine unaofanana nao.

Wote wawili wanasema kitu kimoja. Na wote wawili wameniangalia mimi, mmoja kwa macho na mwingine kwa kisogo.

Alhamisi, 20 Agosti

Mchana Bwana alikwenda kula. Yohana pia. Nililiinua debe. Si zito. Nilifika nalo dirishani.

Nikawaza mshahara. Nikawaza watoto na baba yangu ambaye mikono yake haishiki tena patasi. Nikawaza mizizi ile iliyopunguzwa, hata nikiurudisha Lusu utanyauka kwa mkono wangu badala ya wake. Nikawaza askari kwenye nyumba ya mama mkwe.

Nikalirudisha mezani. Nikafuta udongo ulioanguka. Bwana aliporudi nilikuwa nachora ua.

Mimi ni mwoga. Sijui niliandike vipi jambo hilo liwe na heshima.

Jumamosi, 22 Agosti

Bwana anaondoka Jumanne na treni. Simu ya upepo imefika, meli haitamngoja. Hakuna tena chai ya kumwaga.

Nimemaliza mchoro leo. Nimeusimamisha ukutani na kuutazama kwa mbali. Upo hai. Maua yanainama sawasawa na mwanga unapita pembezoni mwa kikombe. Yohana alisimama mbele yake mdomo wazi. Bwana aliniwekea mkono begani. Nilifurahi. Kwa muda wa kunywa kikombe cha chai nilifurahi kabisa, nikasahau, kisha nikasikia kikohozi barazani.

Kabula haongei nami isipokuwa kwa habari za watoto. Ana haki. Nimemwambia mchoro utaishi miaka mingi. Ameniuliza mama yake afanye nini na karatasi.

Jumatatu, 24 Agosti

Tumeukata.

Bwana alinipa wembe, akasema mimi nina mkono mtulivu kuliko wake. Aliutazama mmea kama mtu anayeomba radhi. Nikasema sitaki. Akasema anaelewa, ataukata yeye. Akaanza vibaya, akauponda ubavu, na hapo mkono wangu ukamnyang'anya wembe kabla sijafikiri. Kazi mbovu siwezi kuiona. Ndivyo nilivyo, hata kwa hili.

Nikapasua shina kutoka juu hadi kwenye mzizi. Maziwa yakamwagika. Sijaona mmea wenye maziwa mengi hivyo. Yalitiririka juu ya ubao, yakadondoka sakafuni, meupe kabisa, na yaliendelea kutoka wakati tayari nimeanza kuchora. Ilinibidi nifute kila mara ili nione ndani. Ndani ni kijani laini, na katikati moyo mweupe. Nimeuchora. Nimechora vizuri.

Kisha vipande vikaingia kwenye chupa, spiriti ikamiminwa juu, Bwana akaandika karatasi na kuibandika.

Hakuna aliyetoka kumwambia mama. Nilipochungulia, mahali pake palikuwa patupu. Yohana anasema aliinuka mwenyewe, akajikung'uta, akaaga vizuri, akaondoka kuelekea Cheyo. Hajui alijuaje. Labda aliuona uso wa Yohana alipopita na ndoo.

Jumatano, 26 Agosti

Kabula amekwenda Lusu na mama yake. Amemchukua mtoto mdogo. Wakubwa wako kwa dada yangu.

Bwana ameondoka jana. Aliniaga kwa mkono. Amesema jina langu litaandikwa chini ya mchoro. Simwamini, na nikimwamini ni vibaya zaidi.

Leo nimerudishiwa ramani. Mpaka, mto, reli. Nimechora kipande cha kutoka hapa hadi Tura na nilipofika stesheni nikasimamisha kalamu, nikawaza chupa ile imepita hapo. Nimekula mkate mkavu. Sina la kufanya. Nimezunguka nyumba nzima natafuta la kufanya na sijaliona.

Ijumaa, 28 Agosti

Habari zimekuja na dereva wa karanga. Wameketi matanga ya Maganga.

Jumapili, 30 Agosti. Lusu.

Nimepewa ruhusa bila maswali. Nimefika asubuhi.

Watu ni wengi. Wamo wazee waliochukuliwa pamoja na Maganga siku ile, wakabeba masanduku ya risasi, wakarudi. Mmoja amesema waliachana kwenye mto wenye mamba, huko kusini, Maganga akiwa na homa lakini anatembea. Hajawahi kulisema mbele ya mama kwa sababu hakutaka kumkatisha tamaa wala kumpa. Sasa amelisema. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Penye njia kuna shimo tu, na mtu ameliwekea jiwe watoto wasiingize mguu.

Mama mkwe amenyolewa. Yuko ndani na wanawake. Mimi niko nje na wanaume, wamenipa kigoda na nafasi kivulini. Shemeji yangu amenisalimia vizuri. Hakuna aliyenilaumu. Nilikuja nimejiandaa kulaumiwa, sasa sijui nikae vipi.

Mchana Kabula akanijia. Mama ana swali, na jibu analitaka kutoka kwangu, si kwa Yohana wala kwa Bwana. Hajaonja kitu tangu atoke Tabora. Anauliza: nilipoukata, ndani ulikuwa na maziwa au ulikuwa umekauka?

Nikainamisha kichwa. Nikisema umekauka, basi Maganga alikufa zamani, huko huko mtoni, na mimi nimekata mti tu. Mimi nitapona. Lakini mama mkwe atakuwa ameangalia kuni asubuhi na jioni miaka yote hii, na waliomwita punguani watakuwa wamesema kweli. Nikisema maziwa, basi nimejisema mbele ya ukoo mzima kwamba niliukata ungali hai. Nilitamani mtu anijibie. Kabula alikuwa amesimama, ananitazama machoni, anangoja.

Nikamwambia, "Mwambie yalikuwa maziwa. Mengi. Yalikataa kukoma."

Akaenda. Nikangoja kilio. Hakikuja. Wanaume waliendelea kuzungumza habari za mvua.

Baadaye Kabula alitoka kuchota maji, nikamwuliza mama amesemaje. Amesema, "Niliwaambia alikuwa hai." Kisha ameomba uji.

Wamempikia wa mtama. Kabula anasema ameumaliza wote, na sasa amelala.